Gari Fupi, Mke Mrefu

Jumatatu, 2 Juni

Nimeamua. Sirudi nyuma. Tunanunua gari la mizigo na mimi mwenyewe nitaligeuza kuwa nyumba. Kitanda nyuma, jiko pembeni, mapazia madirishani, na magurudumu manne chini ya yote hayo. Chai imepoa mbele yangu na sikuiona.

Sababu ni hii. Mke wangu anastaafu Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 13. Miaka thelathini na mmoja ya uuguzi. Jumamosi inayofuata dada yake anakwenda ziwani na mumewe, yaani mwanyumba wangu, na wamemwalika mke wangu. Wamemwalika yeye. Mimi nimeambiwa naweza kuja "nafasi ikipatikana". Basi nafasi nitaipata mwenyewe, tena yenye mapazia.

Nimemweleza mke wangu mpango huo wakati anavua viatu vya kazini. Hakushtuka. Wauguzi hawashtuki. Akasema ana sharti moja tu: anataka kulala amenyooka. Kichwa kimenyooka, miguu imenyooka, kama mtu. Nikimpatia hilo, anakuja na mimi. Nisipompatia, anakwenda na dada yake, na mimi nibaki nyumbani na vyerehani vyangu. Amesema kazini amelalia viti na mabenchi, na nyumbani hajawahi kunyooka tangu tuoane. Nikamwambia hiyo ni tabia yake, mbona tangu wiki ya kwanza ya ndoa hulala magoti yamefika kifuani? Akaweka viatu chini ya kiti. Kisha akaenda kuoga.

Sharti moja! Tena la vipimo! Analiweka mbele ya nani? Mbele ya fundi cherehani wa miaka thelathini, mwenye tepu aliyorithi kwa mwalimu wake wa ushonaji. Tepu yangu ya kitambaa huning'inia kwenye msumari ukutani, na ncha yake ya chini nimeifunga mkasi mkubwa wa kukatia ili usipotee. Mwalimu naye alikuwa akifanya hivyo hivyo. Mkasi haujawahi kupotea na tepu haijawahi kukosea.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kwa dalali wa magari. Nilitaka kwenda peke yangu. Nimemkuta mwanyumba amefika kabla yangu, ameegemea geti, anachokonoa meno. Alikuwa dereva wa lori. Tangu astaafu anaendesha maisha ya watu wengine.

Dalali ana magari mawili ya kunifaa. La kwanza ni fupi, jeupe, lilikuwa la mwokaji mikate na bado linanukia mkate. La pili ni refu, la buluu, lilikuwa la muuza samani. Upana wa ndani ni ule ule, sentimita 170. Tofauti ni urefu. Kwenye fupi kitanda lazima kikae kwa kukingama, mtu alale kichwa ukuta huu na miguu ukuta ule. Kwenye refu kitanda kinaweza kufuata urefu wa gari, na mtu akanyooka atakavyo. Dalali alipima yote kwa tepu yake ya chuma, ile inayojirudisha yenyewe kwa kelele. Mimi niliandika tu. Sikuona haja ya kutoa yangu.

Mwanyumba akasema, bila kuulizwa, nichukue refu. Nikamwambia gari lile lina mita sita kamili nje, uwanja wangu haulitoshi. Akasema linaingia, ameuona uwanja wangu kwa macho. Kwa macho! Nikamwambia sisi wengine tuna vifaa. Akacheka na kumkonyeza dalali.

Moyo wangu uko kwenye lile jeupe. Nililifungua mlango wa nyuma na harufu ya mkate ikanipokea kama mgeni rasmi.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya kupima. Nimeamka na furaha ambayo haielezeki.

Uwanja, kuanzia geti hadi ukuta wa jikoni: mita 5 na sentimita 70. Gari refu ni mita 6. Kwisha habari ya gari refu. Nilirudia mara tatu ili nifurahi mara tatu.

Mke wangu, amesimama wima mlangoni na mkoba begani, amechelewa zamu: sentimita 165. Kama siku zote. Akasema kazini walipimana na yeye ana 176. Nikamweleza kwa upole kwamba vifaa vya hospitali vinashikwa na kila mtu. Nikamuuliza sare zake zote nimezishona kwa kipimo gani? Akasema 165. Kuna hata moja iliyowahi kumbana au kumpwaya? Akafikiri, akakubali kwamba zote zinamkaa vizuri kuliko za wenzake. Basi. Ushahidi wa miaka ishirini na minane ya ndoa.

Gari lina 170, mke ana 165. Zinabaki tano za kuchezea. Mimi mwenyewe nina 157, nitalala kifalme.

Alhamisi, 5 Juni

Nimechora gari sebuleni!

Nimesukuma makochi yote ukutani, nikachukua tepu na chaki ya kukatia vitambaa, nikachora sakafuni gari zima jeupe: upana 170, urefu 240. Nikachora mlango, jiko, beseni, kitanda. Nikaweka sheria kwamba hakuna kupita ukutani. Mke wangu akarudi kutoka zamu, akapita ukutani moja kwa moja na kukanyaga beseni. Nikamwomba atoke aingie kwa mlango. Alikuwa amechoka sana, lakini alitoka akaingia kwa mlango. Huyo ndiye mwanamke niliyeoa.

Akalala kwenye mkeka, kwa kukingama, kama kitanda kitakavyokuwa. Akanyoosha miguu polepole, akisubiri igonge mahali. Haikugonga. Kati ya vidole vyake na mstari wa chaki kulibaki nafasi. Akafumba macho. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hapo anaweza. Nilitaka kulia. Akapitiwa na usingizi hapo hapo, saa kumi alasiri, amenyooka, na mimi nikasimama mlangoni kulinda kuta.

Mwanyumba akaja wakati huo huo, hana hodi. Akavuka jiko na viatu vyake. Akauliza kwa nini muuguzi amelazwa chini. Nikamwambia anong'one, na ashuke kwenye jiko langu. Akasema chaki si gari, nikamlaze mke wangu ndani ya gari lenyewe kabla sijasaini. Wivu huo. Niliuona kabisa unavyomtoka.

Nimesaini saa kumi na moja na nusu.

Ijumaa, 6 Juni

Gari limefika! Nimekaa ndani yake dakika arobaini bila kufanya lolote. Nimewasha taa, nimezima taa. Jirani mshona viatu ameomba kuonyeshwa, nimemwonyesha mara mbili.

Mke wangu haruhusiwi kuingia mpaka siku ya kustaafu. Nataka aone kitu kikiwa kimekamilika. Amesema sawa, ila nisisahau sharti. Nimemwambia sharti ndilo gari lenyewe.

Jumapili, 8 Juni

Siku mbili za kazi takatifu. Nimeshona mapazia manane, ya kijani yenye pindo la dhahabu. Gari lina madirisha manne, lakini kila dirisha lina pazia la mchana na la usiku. Nimeshona mifuko ya ukutani kumi na saba: wa miwani, wa dawa, wa tochi, wa gazeti, wa kitu ambacho bado sijakijua. Nimeshona foronya za godoro kwa kipimo kamili cha 170. Kitanda chenyewe bado hakipo, lakini hicho ni mbao tu.

Habari mbaya kidogo. Mwanyumba amenunua lile gari refu. Amesema alilionea huruma, lilibaki peke yake. Amelitia godoro moja nyuma na ameliita nyumba. Halina pazia hata moja! Watu wataona kila kitu.

Jumatatu, 9 Juni

Seremala amekuja kutengeneza kitanda. Mtu wa maneno machache. Amepima gari kwa tepu yake ya chuma, amekata mbao, ameziweka, zimeingia sawasawa ukuta kwa ukuta. Nikapiga makofi.

Kisha tukaingiza godoro. Nilikuwa nimekata sponji kwa tepu yangu, 170, nikalivisha foronya. Halikulala. Upande mmoja lilikaa vizuri, upande wa pili likapanda ukuta kama mtu anayechungulia dirishani. Tukalisukuma. Likapanda upande wa kwanza. Nikasema sponji limevuta unyevu, limevimba. Seremala akalibonyeza, lilikuwa kavu. Akasema kuna kitu hapa hakisemi ukweli. Nikamuuliza ana maana gani. Akaanza kukusanya misumari yake.

Masponji haya ya siku hizi.

Jumanne, 10 Juni

Nimeibiwa!

Asubuhi nimeingia garini na tepu yangu mwenyewe, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama si heshima kwa dalali. Ukuta kwa ukuta: sentimita 159. Mia moja na hamsini na tisa! Aliniambia 170! Mtu mzima, mwenye wajukuu, amenipunja sentimita kumi na moja za gari langu mchana kweupe. Nilifungua mkasi kutoka kwenye tepu, nikaivaa shingoni, nikaenda kwake kwa miguu ili hasira isipoe.

Nimemkuta na mwanyumba, aliyekuja kuchukua gurudumu la akiba. Sijali, nikamwaga yote mbele yake. Nilisema maneno makubwa. Nilitaja neno "utapeli" na nadhani pia "mahakama". Dalali hakubisha. Akachomoa tepu yake ya chuma, akailaza juu ya boneti, akaniomba nilaze yangu kando yake, sifuri kwa sifuri.

Nikailaza. Tepu yangu inaishia 150. Pale ilipoishia, ya chuma ilisoma 160.

Dalali akauliza kama kuna kitu huwa ninaning'iniza kwenye tepu hii. Nikasema hakuna. Kisha nikasema mkasi. Akauliza kwa muda gani. Nikasema miaka thelathini, na kabla yangu mwalimu wangu ishirini na kitu. Mwanyumba ilibidi akae juu ya gurudumu. Alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta, akaivaa, akaniangalia, akaivua tena.

Dalali, ambaye kumbe si mtu mbaya, alitaka kujua vipi basi nguo zangu zinawakaa watu. Nikamweleza, na hapo nilijivuna kidogo: mwili napima kwa tepu hii na kitambaa nakata kwa tepu hii, kwa hiyo vinakosea pamoja na kukutana. Akasema basi na gari ningelipima kwa tepu hiyo hiyo, siyo kuchukua namba zake na kuzichanganya na zangu. Nikasema labda chuma husinyaa.

Kwa hiyo mke wangu ana 176. Gari lina 170 za kweli. Lile gari la chaki sebuleni lilikuwa kubwa kuliko gari lenyewe. Nimemwomba mwanyumba asimwambie mtu. Ameapa, huku mabega yakitetemeka.

Jumatano, 11 Juni

Sijamwambia mke wangu. Badala yake nimejaribu mambo kadhaa.

Kwanza, wakati wa kifungua kinywa, nimetaja kwa mbali kwamba kulala umenyooka kunaharibu uti wa mgongo, nimesoma mahali. Akauliza nimesoma wapi. Nikakumbuka kazi yake.

Pili, nimejaribu kumpangia kwenye karatasi alale mshazari, kona kwa kona. Anaenea vizuri sana. Mimi ndiye ninayebaki juu ya jiko.

Tatu, nimemwomba dalali anibadilishie kwa gari refu. Amenikumbusha liko kwa nani.

Nne, nimeapa kwamba sitamwomba mwanyumba tubadilishane hata kama dunia itageuka juu chini. Nikaenda kumwomba saa tano. Nilimtajia mapazia manane na mifuko kumi na saba. Amesema atafikiria. Kufikia saa kumi na mbili jioni alikuwa bado anafikiria, na nilipopita tena kwake nilimsikia kupitia ukuta akimsimulia mtu kuhusu mkasi.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya kuliko zote. Naiandika haraka ipite.

Mwanyumba amekuja na gari refu asubuhi, eti kuleta salamu za mkewe, shemeji yangu. Bila kuulizwa akaligeuza na kuliingiza uwanjani kwangu kinyumenyume. Likaingia. Lote. Akashuka, akafunga geti, likafungika. Kati ya gari na ukuta wa jikoni kulibaki nafasi ya kiganja. Mke wangu akatoka na kikombe mkononi. Akaangalia gari, akaangalia ukuta, akaniangalia mimi. Akauliza nilisema uwanja una ngapi. Nikasema tano na sabini. Mwanyumba akaangalia juu na kusema sita na nane, akiongea na mbingu, kwa hiyo hakuvunja kiapo.

Mke wangu akaingia ndani. Akarudi na tepu, mkasi ukiwa bado unaning'inia, maana nilikuwa nimeurudisha. Akaiinua mbele ya macho yake kama anavyoinua chupa ya dripu. Alielewa kabla mkasi haujaacha kubembea.

Nilidhani ataniuliza habari za gari. Hakuuliza. Aliuliza kitanda chetu, kile cha ndani, seremala nilimpa kipimo gani wakati tunaoana. Nikasema 170. Kwa sababu yeye ana 165. Akakaa kwenye ngazi ya mlango. Akasema, miaka ishirini na minane. Akanikumbusha kwamba wiki ya kwanza ya ndoa aliniambia kitanda ni kifupi, na mimi nikachukua tepu, nikampima, nikamthibitishia kwa namba kwamba zinabaki tano. Kitanda sikukipima, seremala alishanitajia 170 kwa tepu yake. Na yeye alikuwa bibi harusi, akaona aibu kubishana na fundi. Akajikunja. Akazoea.

Hakunikasirikia. Ningependa angekasirika. Alicheka kidogo, akanishika bega, akasema kesho kutwa atakwenda na dada yake, si kwa ubaya, ila anataka tu kunyooka. Mwanyumba, nitamsema kwa haki, aliacha kucheka na kwenda kuangalia matairi yake.

Nimeona aibu. Ile ya kweli, ambayo mtu haandiki ili apate kuisoma baadaye. Nimekaa garini mchana mzima na mapazia yamefungwa.

Ijumaa, 13 Juni

NIMEPATA!

Saa kumi na mbili asubuhi nampigia pasi sare yake ya mwisho. Nimefika kwenye pindo la chini. Ndani ya pindo, kama nilivyofanya kwa kila sare, nilimwachia vidole vitatu vya kitambaa cha akiba, ili nguo ikiwa fupi ifumuliwe na kuteremshwa. Nikasimama na pasi hewani. Nguo ikiwa fupi hatumtupi mvaaji. Tunaongeza nguo! Pasi imeacha alama ndogo kwenye sare, nyuma, haionekani.

Saa mbili nilikuwa kwa fundi wa kuchomelea. Nikamwambia akate dirisha ubavuni mwa gari, upande wa miguu, usawa wa kitanda, mahali mke wangu anapolala. Akauliza mara tatu kama nina uhakika. Akawasha mashine. Kelele ile, cheche zile, na gari langu jeupe likitobolewa ubavu! Nilifurahi kama mtoto.

Kisha nikashona. Turubai zito la hema, mishono miwili, zipu, ukosi wa ngozi kuzuia mvua, na fremu ya waya nene ili lisianguke. Mfuko wa miguu! Umetokeza nje ya gari shubiri moja. Wakati wa safari unakunjwa na kufungwa zipu, wakati wa kulala unafunguliwa na miguu inaingia humo na kunyooka inavyotaka. Nilipima kwa viatu vyake vilivyokuwa mlangoni. Kwa tepu ipi? Kwa tepu yangu. Mkono hauwezi kujifunza tepu mpya kwa siku moja.

Saa kumi nilikwenda kumuaga kazini na wenzake. Nilikuwa na nyuzi kichwani. Wamempa saa ya ukutani, kitu ambacho mstaafu hakihitaji hata kidogo. Wagonjwa wawili walitoka vitandani kuja kumshika mkono, na hapo ndipo alipolia. Tulipokuwa tunarudi nilimwomba jambo moja tu: kesho asubuhi, kabla hajapanda gari la dada yake, alale kwenye langu mara moja. Dakika moja. Akasema sawa, Fundi.

Jumamosi, 14 Juni

Mwanyumba na shemeji wamefika saa moja, wakipiga honi. Mke wangu alitoka tayari amejifunga kitenge cha safari, begi mkononi. Akaliweka begi chini karibu na gari langu. Akapanda. Akafunga mlango, kisha mapazia, yale ya usiku.

Sisi watatu tukabaki nje tunautazama ule mfuko. Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha turubai likasukumwa, visigino vikafika. Halafu vidole. Vikasimama wima, vikasita, vikatafuta ukuta wa kugonga. Hakukuwa na ukuta. Vikajitanua kimoja kimoja, kumi vyote, na miguu ikalala nje nje kama imefika kwao.

Tukasubiri. Dakika moja ikapita, na nyingine, na nyingine. Mwanyumba akapiga honi. Sauti ya mke wangu ikatoka ndani, ile sauti yake ya wodini, ikimwambia aache kupiga honi, kuna mtu amelala. Shemeji akauliza kama anakuja au haji. Mlango ukafunguka kidogo. Mkono ukatoka, ukapapasa chini, ukalishika begi na kuliingiza ndani.

Niliendesha hadi ziwani nikiimba. Sina sauti, lakini barabara ilikuwa tupu.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi, ziwani. Mke wangu ameamka saa nne! Ndege wawili weupe walikuwa wamekaa juu ya mfuko, mmoja kila mguu, na hakuwasikia. Amesema hakuna aliyemwita Sista. Amesema hakumbuki kama aliota. Ameketi mlangoni mwa gari na kikombe, akiangalia maji, na nimemwona anarefusha mguu mmoja mbele yake, anauangalia, anarefusha wa pili. Nampenda sana.

Shemeji amekuja kuomba kipimo cha mfuko. Kumbe kwenye gari refu mwanyumba hulala amejitandaza kama X, na yeye amelala karibu na gurudumu la akiba. Pia jua liliwaamsha saa kumi na mbili, kwa sababu hawana mapazia. Mwanyumba hakuniangalia machoni. Nimempa pazia moja, la mchana.

Mke wangu amenipa zawadi, imefungwa kwenye gazeti. Tepu ya chuma, mpya, inayojirudisha yenyewe kwa kelele. Amesema ni ya mwanzo mpya. Nimeguswa. Ni nzito vizuri, na kwa kuwa mkasi nimeuacha nyumbani, nimeifunga kwenye ncha ya tepu yangu ya zamani na kuzining'iniza zote mbili kwenye ndoano, ili zisipotee.

Maana nimefikiri sana kuhusu jambo hili, hapa penye utulivu. Mfuko umeshonwa kwa tepu ipi? Yangu. Umekaaje? Kama ngozi. Basi tepu haina kosa. Tatizo ni watu wenye chuma.

Na sasa siri, kwa sababu sijawahi kuwa na wazo zuri kama hili. Kile kitanda cha nyumbani lazima kiondoke. Miaka ishirini na minane inatosha. Mke wangu alipokuwa amesimama kando ya maji nimempitia nyuma polepole na tepu, kisigino hadi utosi, hakuhisi kitu. Mia moja na sitini na tano kamili. Nimempigia simu seremala hapo hapo. Nimemwambia atengeneze kitanda kipya cha mninga, chenye urembo kichwani, urefu 170, na juu yake aongeze sentimita mbili za mapenzi. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nimepima mwenyewe.

Kitakuwa tayari tukirudi. Sijamwambia chochote, nataka ashangae.